Tulikwenda Ruashi kutafuta lupangu

Ndugu wasomaji, wengi wenu mkaao katika mji wetu wa Lubumbashi mnaijua sauti ya mlango unaogongwa asubuhi ya tarehe mosi, kabla chai haijachemka. Si mgeni, wala si jirani aliyepungukiwa na chumvi. Ni mwenye nyumba. Sisi tumeisikia sauti hiyo kwa miaka 11, katika chumba na sebule tulivyopanga huko komini ya Kenya, ndani ya lupangu moja wakaamo jamaa tano, wenye choo kimoja, na bomba moja ambalo maji yake hutoka yakipenda. Mwezi wa sita mwenye nyumba wetu alikuja kama kawaida yake, akapokea kodi, akaihesabu, kisha akasema kwa upole kwamba mwanawe wa kwanza anaoa, na kwamba atavihitaji vyumba vile. Akatupa miezi mitatu. Hatumlaumu: nyumba ni yake, na mtoto ni wake. Lakini usiku ule mama wa watoto wetu hakulala. Alikaa ukingoni mwa kitanda akihesabu kwa vidole, halafu akasema: "Baba, miaka 11 tumemsaidia mtu kumjengea mwanawe nyumba. Wetu tutawajengea lini?"

Fanyeni hesabu pamoja nasi. Tuseme jamaa inalipa dola 40 kwa mwezi. Kwa mwaka ni dola 480, na kwa miaka 11 ni dola 5,280. Hapo hatujataja garanti, yaani zile pesa zinazotangulizwa kabla ya kupewa ufunguo. Sheria ya tarehe 31 Desemba 2015 iliagiza kwamba garanti ya nyumba ya kukaa isizidi kodi ya miezi mitatu. Lakini kila mpangaji anajua jinsi sheria hiyo inavyosahauliwa upesi mlangoni, wakati mwenye shida ni yule aliyesimama nje na mizigo yake. Pesa hizo zote zikiisha kutoka, hakibaki kitu mkononi ila vipande vya karatasi vyenye sahihi.

Basi Jumamosi moja ya mwezi wa saba tulifunga safari kwenda Ruashi. Rafiki yetu mmoja, mwalimu wa shule ya msingi, ambaye zamani tulijifunza naye katekisimu, alihamia huko miaka sita iliyopita. Mara nyingi alitualika, nasi mara nyingi tulijibu kwamba Ruashi ni mbali. Safari hii hatukuweza kulijibu jambo hilo tena.

Tuliondoka alfajiri. Wasomaji wa nchi za joto hawatasadiki, lakini Lubumbashi iko juu, zaidi ya mita 1,200 kupita usawa wa bahari, na asubuhi za kiangazi baridi yake huingia mpaka ndani ya mifupa. Akina mama wauza mikate walikuwa wamejifunika vitenge viwili viwili. Tulipanda taksi-basi mpaka katikati ya mji, tukashuka, tukapanda nyingine. Nyuma yetu lilionekana bomba refu la moshi, na kando yake mlima mweusi wa makapi ya shaba, vitu viwili ambavyo mtoto wa Lubumbashi huvichora kabla hajajua kuandika jina lake. Tukapita viwanda vya Kampemba, maghala, magari makubwa yaliyojaa vumbi. Kisha nyumba zikaanza kupungua urefu, na nafasi kati ya nyumba na nyumba ikaanza kukua, na miembe ikaonekana juu ya kuta. Safari nzima, pamoja na kungoja, ilichukua karibu saa moja na nusu. Tuliiandika katika daftari, kwa maana mtu anayetaka kuhamia mbali asijidanganye juu ya njia.

Mwalimu alitupokea langoni, na mke wake nyuma yake akifuta mikono. "Karibuni, baba. Karibu, dada." Sebuleni mlikuwa na viti vinne na msalaba ukutani, na dari halikuwapo bado, tuliona mabati juu yetu. Chumba cha wavulana kilikuwa na madirisha yaliyozibwa kwa mbao, kwa sababu pesa za vioo hazijapatikana. Lakini nje! Nje palikuwa na tuta sita za lengalenga zilizomwagiliwa asubuhi ile, mparachichi mmoja, mihogo nyuma ya jiko, kuku, na rundo la matofali ya kuchoma yanayongojea chumba cha tatu. Matofali yale hayakununuliwa. Katika lupangu yao kulikuwa na kichuguu kikubwa, kirefu kupita mtu, kama vilivyo vingi katika nchi yetu ya Katanga. Na udongo wa kichuguu, kila fundi anajua, ndio udongo bora wa kufyatua matofali. Mwalimu na wanawe walikibomoa siku za Jumamosi kwa muda wa miaka miwili. Kichuguu kilikuwa kero. Sasa ni ukuta.

Mama wa watoto wetu hakusema neno. Alikuwa anatazama kamba ya kuanikia nguo. Kwetu kamba ni moja kwa jamaa tano, na ugomvi wa kamba umekwisha kutupatanisha na kutufarakanisha na majirani mara nyingi kupita ugomvi wa pesa. Kamba ya Ruashi ilikuwa na nguo za nyumba moja tu, na nafasi ilibaki.

Hapa tunaomba ruhusa tukumbuke kidogo mambo ya kale, maana wako vijana wanaodhani kwamba Ruashi na Katuba ni vijiji vilivyojiangukia kando ya mji kwa bahati tu. Sivyo. Reli iliyotoka kusini ilifika hapa mwaka 1910, na mji ukapewa jina la Elisabethville. Mwaka 1911 tanuru la kuyeyushia shaba likawashwa kando ya mto Lubumbashi. Mawe yake yalitoka kwenye mgodi wa Étoile, ambao wenyeji wanauita Kalukuluku, upande huu huu wa Ruashi. Kwa hiyo tunaweza kusema kwamba shaba ya kwanza ya mji ilitoka upande wa Ruashi kabla Ruashi yenyewe haijawa makao ya watu. Wabelgiji waliweka makao ya Wazungu katikati, na makao ya Waafrika mbali kidogo, na kati yao wakaacha uwanja mtupu. Makao ya kale yaliyoitwa Cité Albert ndiyo Kamalondo ya leo. Yalipojaa ikafuata Kenya, kisha Katuba, ambako watu wengi walipewa viwanja na mkopo wa kujengea kwa matofali, wakalipa kidogo kidogo, kwa utaratibu ulioitwa kwa jina la Grévisse, mtawala mmoja wa Kibelgiji. Mwaka 1952 likaundwa shirika la serikali liitwalo Office des Cités Africaines, la kujenga nyumba za Waafrika katika miji mikubwa. Ndilo lililojenga Bagira kule Bukavu, Ngagara kule Bujumbura, na hapa kwetu Ruashi. Kwa hiyo barabara za Ruashi ya kale zimenyoka, zina miti, na nyumba zake zimepangwa kwa mstari, ingawa kila jamaa imeongeza chumba huku na veranda kule hata babu aliyezijenga asingezitambua.

Wale waliowaweka Waafrika mbali hawakufanya hivyo kwa kuwapenda. Lakini mambo ya wanadamu ni ya ajabu: kule mbali ndiko mfanyakazi mweusi alikopata kwa mara ya kwanza mjini nyumba ambayo angeweza kuiita yake. Katika makambi ya kampuni za migodi nyumba ilikuwa nzuri, na maji yalikuwapo, na dawa, na unga wa kila mwezi. Lakini nyumba ilifuata kazi. Kazi ikiisha, ufunguo unarudi. Mwaka 2003, wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines walipoacha kazi kwa mpango wa kuondoka kwa hiari, jamaa nyingi zilijiuliza swali ambalo wazazi wao hawakulijua: tutalala wapi? Wazee waliokuwa wamejinunulia lupangu huko Katuba au Ruashi tangu zamani, huku wenzao wakiwacheka kwa kukaa porini, ndio waliolijibu upesi.

Tulipokwisha kula, bukari na lengalenga na samaki, mazungumzo yakaanza kwa kweli. Mama wa watoto wetu huuza bitoyo katika soko la Kenya. Ana kibanda chake, ana wateja wanaomwita kwa jina, na faida yake ndiyo inayolipa shule. Akamgeukia mwenyeji wetu wa kike, akasema: "Dada, niambie ukweli. Wateja wangu watanifuata Ruashi?"

"Hawatakufuata," akajibu yule mama bila kusita. "Mimi mwaka wa kwanza nililia. Nilikuwa ninauza mboga mjini, nikapoteza kila kitu. Nauli ilikula faida. Mume wangu alikuwa anafurahia matofali yake, na mimi nilikuwa nahesabu sarafu." Mwalimu akainamisha kichwa, kwa maana ilikuwa kweli. "Mwaka wa pili nikaanza kuuza hapa langoni, makala na unga na mafuta kwa vipimo vidogo. Watu wanahamia kila siku, hawana duka karibu. Sasa naenda mjini mara mbili kwa wiki kununua, si kila siku kuuza. Lakini usidanganywe na waume, dada. Anayelipa bei ya umbali kwanza ni mwanamke."

Tunayaandika maneno hayo kama yalivyosemwa, kwa kuwa katika makala za namna hii mara nyingi baba ndiye anayetembelea nyumba, baba ndiye anayesifu hewa safi, na mama anatajwa pale tu anapoleta chai. Jamaa isihame mpaka mama amejua atapata wapi riziki yake ya Jumatatu.

Juu ya watoto, mambo ni nusu kwa nusu. Wadogo wana nafasi ya kucheza, wala hawajifunzi matusi ya baa iliyo ukutani kwao, kama wanavyojifunza wetu. Shule ya msingi iko karibu, wanakwenda kwa miguu. Mkubwa anayesoma sekondari mjini huamka saa kumi na moja, hurudi akiwa amechoka, na jioni taa ikizimika hasomi kitu. Mwalimu mwenyewe, ambaye ni mtu wa vitabu, alikiri kwamba mwanawe mkubwa alishuka darasani katika mwaka ule wa kwanza. Ilimbidi amhamishe shule, na kijana alikasirika kwa kuachana na wenzake.

Na kanisa? Tuliuliza, kwa maana sisi tumezoea parokia yetu, na mtu akizoea benchi lake kanisani ni vigumu kumng'oa. Akatueleza juu ya shirika lao, yaani jumuiya ile ndogo ya wakristu wa jirani ambayo maaskofu wa Kongo waliichagua kuwa njia ya kichungaji tangu mwaka 1961. Walipofika hapo hawakujuana na mtu. Wiki ya pili tu mtoto wao alishikwa na homa kali usiku, na mwanaume wa shirika, ambaye hawakulijua hata jina lake, akamchukua mgonjwa kwa kinga yake mpaka zahanati. Kule tunakokaa sisi, tunaishi ukuta kwa ukuta na watu tusiowasalimu.

Baada ya chakula tulikwenda kuona viwanja. Alituongoza dalali, ambaye sisi hapa humwita komisioneri, mtu mwenye viatu vilivyong'aa na maneno mengi. Alituonyesha malupangu matatu.

La kwanza lilikuwa kubwa na bei yake ilikuwa chini mno, hata tukatazamana. Tukauliza sababu. Akasema, "Mwenyewe ana haraka." Lakini mwalimu akatuonyesha kwa kidole, nyuma ya miti: kilima cha udongo wa mgodi, na ukuta wa waya. Nchi hii ni nchi ya shaba na kobalti, na migodi iko karibu na makao ya watu. Mwaka 2009 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi pamoja na wenzao wa Leuven kule Ubelgiji walitangaza matokeo ya uchunguzi wao: katika mkojo wa watu waishio chini ya kilomita 3 kutoka kwenye migodi au viwanda vya madini walikuta kobalti nyingi sana kupita ya wale wakaao mbali zaidi, na watoto walizidi hata watu wazima. Vumbi huingia ndani ya nyumba, hukaa juu ya mboga, na mtoto anayetambaa hulila pamoja na mkono wake. Kwa hiyo bei ya lupangu ile haikuwa ndogo. Ilikuwa imegawanywa tu, sehemu moja ilipwe na baba sasa, na sehemu nyingine ilipwe na watoto baadaye. Tukamshukuru komisioneri, tukaondoka.

La pili lilikuwa zuri, lina miti mitatu ya mpundu iliyoachwa kusimama, lakini karatasi yake ilikuwa barua ya mkono, yenye mhuri wa chifu mmoja wa kijiji na sahihi za mashahidi wawili. Komisioneri akaapa kwamba inatosha. Ndugu wasomaji, haitoshi. Sheria ya tarehe 20 Julai 1973 inasema kwamba ardhi yote ya Kongo ni mali ya Taifa, na kwamba haki ya mtu juu ya kiwanja huthibitishwa kisheria na cheti cha usajili tu, kile kinachoitwa kwa Kifaransa certificat d'enregistrement, ambacho hutolewa na mhifadhi wa hati za ardhi. Chifu anaheshimiwa, na wazee wa mahali waulizwe, maana wao ndio wanaojua mipaka na ugomvi wake. Lakini barua ya chifu inaweza kuandikwa leo kwa ajili yako, na kesho kwa ajili ya mwingine. Mwalimu alitaja jamaa mbili za kartie yao zilizokutana siku moja, kila moja na matofali yake, juu ya kiwanja kimoja, zote na barua ya mkono mmoja. Anayetaka kununua aende kwanza, yeye mwenyewe, si komisioneri, kwenye ofisi ya hati za ardhi, aulize namba ya kiwanja na jina lililoandikwa. Kazi hiyo inachosha, ina foleni, na ina watu wanaodai chai. Hata hivyo inachosha kidogo kuliko kubomolewa.

Njiani kwenda kuona la tatu, mama wa watoto wetu alitushika mkono, tukabaki nyuma kidogo. "Na wewe ukitangulia?" akauliza. Tulijua anawaza nini. Miaka miwili iliyopita mwenzetu mmoja wa kazini alifariki, aliyekuwa na nyumba yake huko Katuba, iliyokwisha, yenye madirisha ya vioo na rangi ya bluu. Siku chache baada ya mazishi ndugu zake walifika kutoka kijijini. Walichukua viti, wakachukua televisheni, kisha wakamwambia mjane kwamba nyumba ni ya ukoo. Alirudi kwao na watoto wanne na magodoro mawili. Tulikuwapo kwenye kilio; tulikula pale; na hakuna hata mmoja wetu aliyefungua kinywa. Aibu hiyo ni yetu, tunaikiri hapa.

Nyumba ya kupanga haigombaniwi na ukoo. Nyumba yako mwenyewe hugombaniwa. Kwa hiyo mtu anayehamia pembezoni ili jamaa yake ipate mahali pake, asipoangalia, anaweza kuwa anawajengea ndugu zake. Kodi ya Jamaa ya Kongo, yaani kitabu cha sheria za familia cha tarehe 1 Agosti 1987, inawapa watoto robo tatu ya urithi, na inampa mjane haki ya kuendelea kukaa na kutumia nyumba waliyoishi pamoja na mumewe. Na tangu sheria ile ilipogeuzwa mwezi wa saba wa mwaka 2016, mke haombi tena ruhusa ya mume ili aweke sahihi katika mambo ya mali. Lakini sheria humlinda mjane ambaye ndoa yake imeandikwa. Wako wakristu wema, waliofunga ndoa mbele ya padri kwa nguo nyeupe na nyimbo, ambao hawakwenda kamwe kuiandikisha ndoa yao komini. Mbele ya Mungu ni mke na mume. Mbele ya mtawala hawajulikani. Tulimjibu mama wa watoto wetu kwamba Jumatatu tutakwenda kutafuta cheti chetu cha komini, ambacho hatukukumbuka kimewekwa wapi, na kwamba karatasi ya lupangu, kama ikipatikana, itaandikwa majina mawili. Akasema: "Mawili, na langu lisiwe la penseli."

Papa Leo XIII, katika barua yake Rerum novarum ya mwaka 1891, aliitetea haki ya mfanyakazi ya kuitumia akiba ya mshahara wake kujipatia ardhi, na alitaka watu wengi wa kawaida waweze kuwa na mali yao. Aliandika akiwaza viwanda vya Ulaya. Sisi tuliyakumbuka mafundisho hayo katika vumbi la Ruashi, tukaona hayajachakaa, ila yanahitaji mwenye kuyasikia ajue pia njia ya kwenda ofisini.

Lupangu la tatu lilikuwa dogo kuliko yote. Lilikuwa na ukuta wa upande mmoja, msingi wa vyumba viwili uliootwa na majani, na kisima chenye mfuniko wa bati. Mwenyewe, mzee mmoja anayetaka kurudi kwao Kasenga, hakuwa na haraka wala maneno. Alitoa ndani ya mfuko wa nailoni cheti chake cha usajili, akakikunjua juu ya goti, akatuachia tunakili namba kwa muda tuliotaka. Bei yake ilizidi akiba yetu. Alisema anaweza kupokea nusu sasa na nusu mwakani, kwa mkataba ulioandikwa mbele ya mtu wa sheria. Mwalimu akaichunguza mihuri. Komisioneri akatazama saa yake.

Tulipogeuka hatukumwona mama wa watoto wetu. Alikuwa amekwenda kisimani. Kule ambako mabomba ya maji hayafiki, kisima ndicho uhai wa nyumba, na kisima kibaya ndicho kipindupindu cha majira ya mvua. Inatakiwa kati ya kisima na choo chochote pawe na mita 30 hivi, tena choo kisiwe upande wa juu wa mteremko. Na choo kinachohesabiwa si chako tu, bali na cha jirani pia, kwa maana maji yaliyo chini ya ardhi hayajui ukuta. Alikuwa ameinua kitenge chake kidogo, akipiga hatua ndefu kutoka kisimani kuelekea ukutani, nyuma ambako kilionekana choo cha jirani. Mtoto wa jirani alikuwa amepanda juu ya ukuta akimtazama kwa mshangao. Alifika mwisho, akarudi, akaanza upya, maana mara ya kwanza mtoto yule alimsalimu akapoteza hesabu.

"Thelathini na nane," akatuambia aliporudi. Kisha akamgeukia mzee, akamwuliza kama mwezi wa kumi, kabla mvua hazijaanza, kisima hicho hukauka.

Mzee akafikiri. "Miaka miwili kilikauka," akasema. "Nilichimba tena, mita tatu. Tangu hapo sijakiona kimekauka. Lakini njooni mwezi wa kumi, mkakitazame wenyewe."

Miezi mitatu tuliyopewa inaisha mwezi wa tisa. Usiku ule tulimwandikia mwenye nyumba wetu kumwomba atuongezee mmoja.